Kiti Kilichoachwa Wazi Vermont: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Uchaguzi wa Kongresi wa 2022

Mwaka 2022 wapiga kura wa Vermont, jimbo dogo la kaskazini mashariki mwa Marekani, walimchagua mtu wa kukalia kiti chao cha pekee katika Baraza la Wawakilishi, ambalo pamoja na Seneti huunda Kongresi, yaani bunge la Marekani, bila mwenye kiti kuwamo miongoni mwa wagombea. Mara ya mwisho jambo hilo lilitokea 2006. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili waishio Burlington, Winooski na miji ya jirani, wengi wao wakiwa na asili ya Kongo na Burundi, pamoja na ndugu zao wa nyumbani wanaotaka kuelewa uchaguzi huo ulivyokwenda na kanuni zake ambazo bado zinatumika.

## Mambo ya msingi

Kiti kilichoachwa wazi ni kiti cha namna gani?

Ni kiti ambacho aliyekikalia hagombei tena, ama kwa kustaafu ama kwa kutafuta cheo kingine, hivyo kila anayejitokeza anaanza bila faida ya kuwa tayari mbunge. Faida hiyo si ndogo. Mwenye kiti anajulikana kwa jina na ana ofisi inayowashughulikia wananchi wenye shida za pensheni na uhamiaji, na wafadhili huogopa kumpinga. Katika nusu karne iliyopita, mwakilishi wa Vermont aliyeshindwa akitetea kiti chake ni mmoja tu, Peter Smith wa chama cha Republican, ambaye 1990 aliangushwa na Bernie Sanders, mgombea asiye na chama. Kwa sababu hiyo, anayesubiri nafasi ya kweli ya kubadilisha mwakilishi katika jimbo hili kwa kawaida anasubiri kiti kiachwe wazi.

Mnaposema “jimbo” mnamaanisha nini?

Swali hili huulizwa zaidi na wasomaji wa Tanzania, ambako jimbo ni eneo linalomchagua mbunge mmoja, kile ambacho Wakenya hukiita eneo bunge. Katika ukurasa huu jimbo ni moja ya zile sehemu 50 zinazounda Marekani, zenye gavana, bunge na mahakama zake. Vermont inaondoa utata huo yenyewe, kwa kuwa maana zote mbili zinakutana hapo: jimbo zima, kuanzia mpaka wa Kanada hadi mpaka wa Massachusetts, ndilo eneo moja la uchaguzi wa mwakilishi wake.

Kwa nini Vermont ina mwakilishi mmoja tu?

Viti vya Baraza la Wawakilishi ni 435, navyo hugawanywa upya baada ya kila sensa ya miaka 10 kwa kufuata idadi ya watu, huku kila jimbo likihakikishiwa angalau kimoja. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 643,077 Vermont, na ni Wyoming pekee iliyo na watu wachache zaidi. Majimbo yenye kiti kimoja baada ya sensa hiyo ni 6: Alaska, Delaware, Dakota Kaskazini, Dakota Kusini, Vermont na Wyoming. Vermont imekuwa katika hali hiyo tangu 1933.

Kuna jambo moja jema katika udogo huu ambalo halitajwi vya kutosha. Kwa kuwa jimbo zima ni eneo moja, hakuna mipaka ya kuchorwa, na kwa hiyo hakuna chama kinachoweza kuikata ramani kwa ujanja ili kijihakikishie ushindi wa kiti hicho, kama inavyolalamikiwa katika majimbo makubwa.

Seneti nayo je?

Kila jimbo, dogo kwa kubwa, lina maseneta 2 wa muhula wa miaka 6, ilhali mwakilishi huchaguliwa kwa miaka 2. Vermont nzima, basi, ina viti 3 tu katika Kongresi, na ndiyo maana kiti kimoja kikitikisika, vingine navyo hutikisika.

Ilikuwaje kiti kikaachwa wazi 2022?

Mnamo Novemba 2021 Seneta Patrick Leahy, aliyekuwa katika Seneti tangu 1975, alitangaza kwamba hatagombea tena. Wiki moja baadaye Peter Welch, aliyekuwa mwakilishi tangu 2007, akatangaza kuwania nafasi hiyo ya Seneti, na kwa kufanya hivyo akakiachia kiti chake.

Mtindo huu ni wa zamani Vermont kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1971 Robert Stafford alitoka Baraza la Wawakilishi kwenda Seneti, na Richard Mallary akajaza nafasi yake. Mwaka 1974 Mallary alijaribu kwenda Seneti akashindwa na Leahy, na kiti alichokiacha kikachukuliwa na Jim Jeffords. Mwaka 1988 Stafford alistaafu, Jeffords akapanda Seneti, na Peter Smith akachaguliwa. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Jeffords kustaafu: Sanders akapanda, na Welch akamshinda Martha Rainville wa Republican, aliyekuwa ameongoza kikosi cha ulinzi wa taifa cha Vermont. Mara zote 5, ikiwemo ya 2022, kiti kiliachwa wazi kwa sababu mwenye kiti aliitazama Seneti. Anayetaka kujua lini kiti hiki kitaachwa wazi tena na awaangalie maseneta kwanza.

Je, Welch alilazimika kujiuzulu ili agombee Seneti?

Hapana. Aliendelea kuwa mwakilishi hadi muhula wake ulipokwisha Januari 2023, siku alipoingia Seneti. Ndiyo maana haukuitishwa uchaguzi mdogo. Hali ya kiti kubaki wazi katikati ya muhula imeelezwa mwishoni.

## Uchaguzi wa mchujo wa Agosti

Mchujo ni nini, nao unatofautianaje na kura za maoni tulizozoea?

Mchujo ni uchaguzi wa kumpata mgombea wa kila chama kabla ya uchaguzi mkuu. Katika kura za maoni za vyama vya Tanzania, kwa kawaida wanaopiga kura ni wanachama au wajumbe, na vikao vya juu vya chama ndivyo vinavyoteua. Vermont mchujo unaendeshwa na serikali yenyewe kupitia makarani wa miji, Jumanne ya pili ya Agosti, na matokeo yake hayahitaji kuidhinishwa na kikao chochote cha chama. Aliyeongoza kwa kura ndiye mgombea, hata kama viongozi wa chama hawampendi, na 2022 jambo hilo lilitokea kweli (tazama jibu kuhusu Liam Madden).

Sina chama. Je, ninaweza kupiga kura katika mchujo?

Unaweza. Vermont haimwandikishi mpiga kura kwa chama, na hakuna atakayekuuliza wewe ni wa chama gani. Unapewa karatasi za vyama vyote vikubwa, ambavyo 2022 vilikuwa Democratic, Republican na Progressive, unachagua moja na kuijaza kwa siri, kisha zile ambazo hukuzitumia unaziweka katika sanduku lake.

Kosa linalowaponza wengi hutokea kwa wanaopiga kura kwa posta. Wanaijaza karatasi moja, wanairudisha, na zilizobaki wanazitupa nyumbani. Karatasi ambazo hazikutumika lazima nazo zirudishwe, la sivyo kura inahesabiwa kuwa na kasoro. Inauma kuona kura ya mtu aliyengoja uraia kwa miaka mingi ikiwekwa kando kwa sababu ya karatasi tupu zilizosahauliwa juu ya meza.

Je, karatasi ya mchujo huletwa nyumbani bila kuombwa?

La. Kwa sheria iliyopitishwa 2021, karatasi ya uchaguzi mkuu wa Novemba hutumwa kwa kila mpiga kura ambaye jina lake bado linatumika katika daftari bila kuombwa, lakini ya Agosti huna budi kuiomba kwa karani wa mji au kwenda kituoni siku yenyewe. Tofauti hii ndiyo inayowafanya watu wengi waamini kwamba uchaguzi ni Novemba tu.

Nani waligombea upande wa Democratic?

Waliobaki hadi mwisho wakiwa na nguvu ni wanawake wawili. Becca Balint wa Brattleboro, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, alikuwa kiongozi wa Seneti ya jimbo, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Molly Gray, mwanasheria aliyezaliwa katika familia ya wakulima, alikuwa naibu gavana aliyechaguliwa 2020, na hapo awali alifanya kazi katika kampeni na ofisi ya Welch mwenyewe. Seneta wa jimbo Kesha Ram Hinsdale aligombea pia, lakini alijitoa mwezi Mei akamuunga mkono Balint. Daktari Louis Meyers alibaki katika karatasi na kupata kura chache.

Katika sera walikaribiana sana, na wote wawili walitetea haki ya kutoa mimba na hatua dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Tofauti ilionekana zaidi katika waliowazunguka. Sanders alisimama na Balint, ilhali magavana wa zamani Howard Dean na Madeleine Kunin walisimama na Gray, naye Leahy alisema kura yake aliipa Gray. Mchujo ulifanyika tarehe 9 Agosti 2022. Balint alipata takriban asilimia 60, na Gray chini ya asilimia 40.

Kwa nini mnasisitiza Agosti kuliko Novemba?

Kwa sababu katika kiti hiki uamuzi ulifanyika Agosti. Vermont huchagua wa Democratic katika nafasi za kitaifa kwa tofauti kubwa, ingawa gavana wake, Phil Scott, ni wa Republican na huchaguliwa kwa kura nyingi za watu wa pande zote. Baada ya mchujo hapakuwa na shaka kubwa juu ya nani angekwenda Washington. Kura zilizompa Balint tiketi hiyo zilikuwa takriban 60,000, katika jimbo lenye watu zaidi ya 640,000. Anayepiga kura Novemba peke yake anashiriki katika kuthibitisha uamuzi uliokwisha kufanywa na wenzake wachache wakati wa kiangazi, wakati shule zimefungwa na watu wako mashambani au safarini. Hilo halipunguzi thamani ya kura ya Novemba, lakini kwa kiti kilichoachwa wazi, Agosti ndiyo siku ya kuchagua.

## Uchaguzi mkuu na matokeo yake

Liam Madden alikuwa nani, na kwa nini chama chake kilimkana?

Madden alikuwa mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha majini aliyepata kujulikana kwa kuipinga vita ya Iraki. Alijitambulisha kama mtu asiye na chama, ila aliingia mchujo wa Republican kwa kuwa sheria haimzuii mtu kufanya hivyo, akawashinda Ericka Redic na Anya Tynio. Aliposema kwamba akichaguliwa hatajiunga na kundi la wabunge wa Republican, uongozi wa chama katika jimbo ulijitenga naye. Hata hivyo jina lake lilibaki katika karatasi ya Novemba chini ya chama hicho, kwa sababu aliyepata nafasi kwa kura hanyang'anywi na kamati.

Wako wanaokiona kisa hiki kuwa udhaifu wa mchujo ulio wazi. Mimi naona kwamba chama kilichokuwa na wagombea 3 wasiojulikana sana, kwa kiti ambacho hakikutarajia kukipata, kilivuna matunda ya kutojiandaa mapema.

Aliyeshindwa katika mchujo anaweza kurudi Novemba?

Mwaka 2022 Vermont aliweza, iwapo angepata njia nyingine halali ya kuingia katika karatasi. Redic aliyeshindwa katika mchujo wa Republican alirudi Novemba kama mgombea wa chama cha Libertarian. Majimbo mengi mengine yanalikataza jambo hili.

Matokeo ya Novemba yalikuwaje?

Tarehe 8 Novemba 2022 Balint alishinda kwa zaidi ya asilimia 60, Madden akapata chini ya asilimia 30, na Redic akafuata kwa mbali. Siku hiyo hiyo Welch alimshinda Gerald Malloy wa Republican katika kinyang'anyiro cha Seneti. Balint alichaguliwa tena 2024.

Je, mshindi lazima avuke nusu ya kura?

Kwa Kongresi, hapana. Anayeongoza ndiye mshindi hata akiwa na asilimia 40. Watu huchanganya kanuni hii na ile ya gavana, naibu gavana na mweka hazina wa jimbo, ambao wasipovuka nusu huchaguliwa na Bunge la Vermont kwa mujibu wa katiba ya jimbo.

Ni kweli kwamba Vermont ilikuwa haijawahi kupeleka mwanamke katika Kongresi?

Ni kweli, na hadi siku hiyo lilikuwa jimbo pekee lililobaki hivyo. Wanaosikia habari hii hushangaa, kwa kuwa Vermont ina sifa ya maendeleo na ilikuwa na gavana mwanamke, Kunin, tangu 1985 hadi 1991. Sababu kubwa ni hesabu ya viti. Tangu Januari 1975 hadi mwisho wa 2022, viti vyote 3 vya Vermont vilikaliwa na watu 6 tu: Leahy, Stafford, Jeffords, Smith, Sanders na Welch. Mlango ulifunguliwa mara chache mno, na karibu kila aliyeingia, isipokuwa Smith, alikaa miaka mingi.

Kongresi haina viti maalum vya wanawake kama Bunge la Tanzania, wala haina wawakilishi wa wanawake wa kaunti kama wale 47 wa Kenya, kwa hiyo njia ni moja tu, ya kushinda kiti cha kawaida. Balint alikuwa pia mtu wa kwanza kupelekwa Kongresi na Vermont akiwa ametangaza waziwazi kwamba ni msagaji.

Aliapishwa lini?

Muhula ulianza tarehe 3 Januari 2023, lakini wawakilishi hawaapishwi kabla ya Spika kupatikana, na Republican waliokuwa na wingi walishindwa kumpata kwa siku kadhaa. Kevin McCarthy alichaguliwa katika duru ya 15, usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 7 Januari, na wawakilishi wote waliapishwa baada ya hapo.

## Fedha za kampeni

Mtu anaruhusiwa kumchangia mgombea kiasi gani?

Katika uchaguzi wa 2022 kikomo kilikuwa dola 2,900 kwa kila uchaguzi, na kwa kuwa mchujo na uchaguzi mkuu huhesabiwa mbali mbali, mtu mmoja aliweza kumpa mgombea mmoja dola 5,800. Kikomo hicho huongezwa kila baada ya miaka 2 kufuatana na bei za maisha. Majina ya waliochangia zaidi ya dola 200 huwekwa hadharani na Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho.

Mbona basi matangazo yalikuwa mengi kuliko fedha za wagombea?

Kwa sababu makundi ya nje yanaweza kutumia fedha bila kikomo kumsifu au kumpinga mgombea, mradi yasipange mambo pamoja naye. Mwaka 2022 kundi la kitaifa linalounga mkono wagombea mashoga na wasagaji lilitumia takriban dola milioni 1 kwa ajili ya Balint, na suala hilo lilizua mjadala mkali katika wiki za mwisho za mchujo. Katika jimbo lenye watu wachache na soko dogo la matangazo, kiasi hicho kinajaza kila sanduku la barua. Kanuni hii ya kutopanga pamoja ni nyembamba sana, na naamini mpiga kura anastahili kujua, kabla ya siku ya kura, karatasi iliyofika nyumbani kwake imelipiwa na nani.

Ndugu yangu aliye Dar es Salaam au Bujumbura anaweza kutuma mchango?

Hawezi, isipokuwa awe raia wa Marekani au mwenye ukaaji wa kudumu. Wala usimpokelee fedha hizo ukazitoa kwa jina lako, kwani kuchangia kwa jina la mwingine ni kosa la jinai. Mwenye ukaaji wa kudumu anaruhusiwa kuchangia ingawa haruhusiwi kupiga kura ya Kongresi.

## Nani anaruhusiwa kupiga kura

Nilisikia kwamba Winooski wasio raia wanapiga kura. Je, na hii ya Kongresi?

Hapana, na hapa naomba msomaji asome polepole. Mwaka 2021 Bunge la Vermont lilipindua kura ya turufu ya Gavana Scott na kuiruhusu miji ya Winooski na Montpelier iwape wakazi halali wasio raia kura katika mambo ya mji, na Burlington ikafuata 2023. Ruhusa hiyo inaishia katika mambo ya mji. Asiye raia akipiga kura ya Kongresi anavunja sheria ya shirikisho, na anaweza kufungwa, kunyimwa uraia au kuondolewa nchini, hata kama alikosea kwa kutojua. Ukiletewa karatasi yenye majina ya wagombea wa Kongresi nawe hujapata uraia, usiijaze. Mpelekee karani wa mji umweleze.

Nimeapishwa kuwa raia wiki hii. Nimechelewa kujiandikisha?

Hujachelewa. Tangu 2017 Vermont huandikisha wapiga kura hadi siku yenyewe ya uchaguzi, kituoni. Utatakiwa kula kiapo cha mpiga kura, ambacho ni desturi ya Vermont ya tangu karne ya 18. Vituo vyote hufungwa saa 1 jioni, na karatasi za posta lazima ziwe zimefika kabla ya saa hiyo. Muhuri wa posta wa siku hiyo hautoshi.

Mama yangu ni raia lakini hajui kusoma. Naruhusiwa kuingia naye?

Unaruhusiwa. Sheria ya shirikisho inampa haki mpiga kura asiyeona, mwenye ulemavu, au asiyejua kusoma na kuandika, asaidiwe na mtu anayemtaka mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi humsomea na kumjazia anachokitaka yeye. Kura ni ya mama.

Je, wenye umri wa miaka 17 na waliofungwa?

Aliye na miaka 17 anaweza kupiga kura ya mchujo iwapo atakuwa ametimiza 18 ifikapo siku ya uchaguzi mkuu. Mfungwa raia wa Vermont hapotezi kura yake hata akiwa gerezani. Jimbo jingine linalofanya hivyo ni Maine, pamoja na jiji kuu la Washington.

## Hali zisizo za kawaida

Mtu aliyezaliwa nje ya Marekani anaweza kugombea?

Anaweza. Katiba inadai awe na miaka 25, awe raia kwa miaka 7 na awe mkazi wa jimbo siku anapochaguliwa. Sharti la kuzaliwa raia ni la urais na umakamu wa rais tu. Ilhan Omar wa Minnesota, aliyezaliwa Mogadishu na kuishi miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alichaguliwa kuwa mwakilishi 2018. Balint naye alizaliwa Heidelberg, Ujerumani, lakini katika hospitali ya jeshi la Marekani.

Mwakilishi akifa au kujiuzulu katikati ya muhula?

Gavana hana mamlaka ya kumteua mwingine. Katiba inamtaka aitishe uchaguzi mdogo. Ndivyo ilivyokuwa baada ya Stafford kuondoka: alipoteuliwa 1971 kujaza nafasi ya Seneta Winston Prouty aliyefariki, kiti chake kilijazwa kwa uchaguzi wa Januari 1972. Kwa kuwa Vermont haina mwakilishi mwingine, hadi siku ya uchaguzi huo wananchi wake wote hawana sauti yoyote katika Baraza la Wawakilishi, nao hubaki na maseneta wao wawili tu.